Baiskeli Ambayo Kisumu Inaweza Kuitunza

Nilikuwa na shilingi 30,000 za kununulia baiskeli ya mbio, na jambo la kwanza nililoamua ni kwamba baiskeli yenyewe haitapita 22,000. Zile 8,000 nilizitenga kabla sijaanza hata kupekua matangazo ya mitumba. Zilikuwa za helmeti, pampu, tyubu za akiba, taa ya nyuma na mkono wa fundi. Baiskeli ya mbio iliyokwisha tumika haifiki mikononi mwako ikiwa tayari kwa safari. Itakuja na tairi zilizokauka na kupasukapasuka ubavuni, au waya za breki zenye kutu, au cheni iliyochoka, na aliyemkabidhi muuzaji pesa zake zote huishia kuiegemeza ukutani akingoja mshahara mwingine. Nimewaona vijana wengi hapa Kisumu wakiwa na baiskeli nzuri isiyotoka nyumbani, na huwa inanisikitisha, kwa sababu wengi wao waliweka akiba kwa taabu.

Nilitaka baiskeli ya mbio kwa sababu ya barabara zetu. Ukitoka mjini kuelekea Ahero, tambarare ya Kano imelala mbele yako na hakuna mlima wa kukukatiza. Shida ni upepo tu, ambao alasiri huvuma kutoka ziwani kwenda bara na kukukuta usoni wakati wa kurudi. Ukielekea upande wa Maseno mambo ni mengine. Riat, ule mlima nje ya mji, inakuja mapema, miguu ikiwa bado haijapata moto, na ukimalizana nayo bado unaendelea kupanda hadi Maseno kwenye ishara ya ikweta. Ukingo wa ziwa uko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Maseno ni karibu 1,500. Baiskeli ya milima niliyokuwa nayo ilinifikisha kote huko, lakini kwa nguvu nyingi kuliko walizotumia wenzangu wa Jumamosi, ambao tairi zao zilikuwa nyembamba na fremu zao nyepesi.

Kuna swali moja nililolibeba kila nilipokwenda kuangalia baiskeli: kitu hiki kikivunjika leo, nitapata kipuri chake hapa mjini, Kibuye au Kondele, kabla ya Jumamosi? Rangi, jina lililoandikwa ubavuni na uzito vilikuja baada ya hapo. Nilianza kulifikiria swali hili kwa sababu ya mzee mmoja fundi karibu na soko la Kibuye, ambaye ametengeneza baiskeli tangu enzi za bodaboda za pedali, kabla pikipiki hazijachukua kazi. Nilipomwambia natafuta baiskeli ya mbio hakuniuliza ya kampuni gani. Aliniuliza gurudumu lake ni namba ngapi.

"Ishirini na nane, mzee," nikamjibu, maana ndivyo tangazo lilivyosema.

"Kijana wangu, usiniletee namba ya mdomo. Nenda ukasome iliyo kwenye tairi."

Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Huku magharibi mwa Kenya, ishirini na nane ni gurudumu la Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya mzigo ambayo kila duka la vipuri lina tairi zake. Gurudumu la baiskeli ya mbio ya kisasa, lile la 700C, nalo wauzaji huliita 28. Lakini pale tairi inapokalia, rimu ya Black Mamba ina kipenyo cha milimita 635 na ya 700C ina milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na inatosha kabisa kuharibu siku yako: tairi ya Black Mamba ukiivalisha kwenye 622 italegea na kuchomoka, na ile ya 622 haiwezi kuingia kwenye 635 hata ungeivuta na wanaume watatu. Juu ya hayo kuna baiskeli kuukuu za mbio, hasa kutoka Uingereza, zenye gurudumu la inchi 27, na hizo ni milimita 630. Baiskeli ya milima ya inchi 26 ni 559. Namba hizi zimechapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28-622, ya kwanza ikiwa unene wa tairi na ya pili kipenyo cha rimu. Hiyo ya pili ndiyo mzee alitaka nimletee.

Kwa sababu ya namba hiyo niliiacha baiskeli moja ya chuma iliyokuwa ikiuzwa 9,000 pale Milimani. Ilikuwa nzuri kwa kweli, mirija myembamba, maungio yamechongwa kwa ustadi wa zamani, na mwenyewe aliitunza. Tairi zilisoma 630. Nilizunguka maduka yote ninayoyajua mjini kabla ya kumpa jibu, na hakuna hata moja lililokuwa na tairi hiyo. Nilimrudia nikamshukuru, nikamwambia ukweli. Bei ya chini hivyo ina mvuto mkubwa kwa mtu mwenye pesa kidogo, lakini tairi ni chakula cha baiskeli, na huwezi kufuga kitu ambacho chakula chake hakiuzwi mjini kwenu.

Valvu nayo iangalie. Tyubu nyingi za baiskeli za mbio zina valvu ile nyembamba yenye kinati kidogo cha kulegeza juu, na bomba la kituo cha petroli halishiki hapo. Kuna kiungo kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake ili bomba la kawaida lishike. Ni cha bei ndogo, na mimi natembea na viwili.

Baiskeli ya pili niliyoiangalia ilikuwa ya kaboni. Muuzaji alianza na 35,000, akashuka hadi 24,000 bila mimi kusema mengi, akaniambia, "Bosi, hii ndiyo ile ya Froome." Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, na kila Mkenya anayependa baiskeli hujivunia kwamba alianzia hapa, akifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Lakini Froome wa Tour alikuwa na gari la timu nyuma yake, mafundi ndani na magurudumu ya akiba juu ya paa. Kaboni ikigongwa inaweza kupasuka kwa ndani huku rangi ya nje ikionekana salama. Bering za katikati, pale kiranki, yaani mhimili wa pedali, kinapopita, hazikuwa za kufungwa kwa nyuzi za skrubu bali za kusukumiwa ndani ya fremu, kazi inayohitaji chombo maalum ambacho mzee wangu wa Kibuye hana. Mirija ya chuma iliyopasuka, fundi hodari wa jua kali aliyezoea bati jembamba anaweza kuichomea ikakuhudumia muda. Kaboni haina jua kali. Sikuona sababu ya kubishana bei.

Katikati ya chuma na kaboni kuna alumini, na kwa bajeti yangu ndiyo iliyokuwa nyingi sokoni. Alumini haishiki kutu kama chuma, na kwa sisi wa kando ya ziwa, wenye mvua za alasiri, hilo si jambo dogo. Ubaya wake ni kwamba ikishapata ufa haifai tena: uimara wake hutokana na kupashwa moto kiwandani kwa kipimo, na kuichomea barabarani huondoa uimara huo. Kwa hiyo fremu ya alumini niliifuta vumbi kwa kitambaa na kuikagua kwenye mwanga wa jua, hasa chini ya shingo ambako mrija mkubwa umeungana na kichwa, kuzunguka kiranki, na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Mstari mwembamba kwenye rangi unaofuata ungio ni sababu ya kuondoka. Usiogope kumkwaza muuzaji.

Sasa gia, ambako nadhani watu wa hapa hudanganywa kwa hesabu. Muuzaji akikuambia ina gia 22, inasikika bora kuliko gia 16. Mimi niliitaka ya 16 kwa makusudi, yaani sahani mbili za meno mbele na nane nyuma. Cheni ya baiskeli yenye sahani sita, saba au nane nyuma ni moja, kwa hiyo cheni inayouzwa Kondele kwa ajili ya baiskeli za milima inaingia kwenye baiskeli ya mbio ya nane. Kaseti, yaani fungu la sahani za nyuma, ya kampuni ya Shimano ya nane ya baiskeli ya milima nayo inakaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ileile na nafasi kati ya sahani ni sawa. Ukipanda hadi kumi au kumi na moja, cheni inakuwa nyembamba zaidi, ya bei zaidi, na utaiagiza Nairobi. Shimano wana kundi la vipuri vya gia la bei nafuu la baiskeli za mbio liitwalo Claris, nalo ni la nane. Wapo wanaolidharau. Kwa mtu wa Kisumu mwenye shilingi 30,000, nasema bila kusita kwamba ni zuri kuliko makundi makubwa yaliyochakaa.

Na kuna suala la Riat. Baiskeli nyingi za zamani za mbio zilitengenezewa vijana wa mashindano: meno 53 na 39 mbele, na nyuma kubwa kabisa ni 25. Ukiwa kwenye 39 na 25, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 3.3. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, ni lazima uwe unapanda kwa karibu kilomita 12 kwa saa, la sivyo utasimama juu ya pedali ukivuta usukani. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 2.2 hivi, na kwa kasi hiyohiyo ya miguu unapanda kwa kilomita 8 kwa saa ukiwa umekaa na magoti yako yako salama. Hesabu yake ni rahisi: gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mita 2.1, ambao ni mzingo wa gurudumu la 700C. Nilikuwa naifanya kwenye simu mbele ya muuzaji. Anayeishi upande wa Ahero na hapandi popote anaweza kuipuuza, lakini anayetaka Maseno, Vihiga au njia ya Kakamega aitazame kabla ya kitu kingine chochote isipokuwa saizi.

Saizi haina mjadala. Nilisimama ukutani bila viatu, nikabana kitabu kigumu katikati ya mapaja kikigusa juu kabisa, mdogo wangu akapima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu: sentimita 82. Ukizidisha kwa 0.883 unapata kama 72.4, ambao ni urefu wa kuanzia katikati ya kiranki hadi juu ya kiti. Ukizidisha kwa 0.665 unapata 54 na kitu, ambayo ni saizi ya fremu ya kuanzia kutafuta. Fremu nyingi za sasa zina mrija wa juu ulioinama, kwa hiyo 54 ya kampuni hii si 54 ya ile, na mwisho wa yote ni kuipanda: viwiko viwe vimelegea kidogo ukishika vishikio vya breki, na mabega yasivutwe mbele. Kiti kinapanda na kushuka, na shingo ya usukani unaweza kuibadilisha kwa iliyo fupi zaidi kwa sentimita moja au mbili. Fremu yenyewe haibadiliki. Anayekuambia "utaizoea" anataka kuuza.

Niliyoinunua nilikuja kuipata Nakuru. Dada yangu anaishi Lanet, na aliyekuwa akiiuza alikuwa kijana wa huko aliyepata kazi ya mbali. Alumini, saizi 54, Claris ya nane, meno 50 na 34 mbele, kubwa kabisa nyuma 28, tairi zilisoma 25-622. Alitaka 23,000. Tulikutana mchana mahali penye watu, dada akiwa nami, na nilimwomba risiti aliyonunulia na kuilinganisha na namba iliyogongwa chini ya fremu, pale kwenye kiranki. Baiskeli isiyo na historia usiinunue hata ikiwa ya bure, kwa sababu kuna mtu anayeililia mahali fulani.

Ukaguzi nilioufanya ni ule mzee alionifundisha, na ninauandika kwa sababu ndio ulioshusha bei. Nilizungusha kila gurudumu nikitazama nafasi kati ya rimu na raba za breki. La nyuma lilikuwa linayumba kidogo, jambo la kukaza spoku tu. Nilipitisha kidole juu ya uso wa rimu unaobanwa na raba, kuona kama umelika na kuingia ndani kama sahani, haukuwa. Nilishika breki ya mbele nikaisukuma baiskeli mbele na nyuma, kusikia kama shingo inagonga. Nililegeza kiti nikahakikisha nguzo yake inatoka, maana nguzo iliyogandia ndani ya fremu inaweza kukushinda kabisa. Kisha nikatoa futi ya kupimia. Kwenye cheni isiyochakaa, viungo kumi na mbili kamili, kila kimoja kikiwa cha nje na cha ndani pamoja, vinapaswa kuwa inchi 12 barabara. Hii ilikuwa imepita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani imekwisha. Tairi nazo zilikuwa na nyufa. Nikamwonyesha yule kijana moja baada ya nyingine, kwa heshima, bila kuidharau baiskeli yake, nikamtajia gharama ya kila kitu. Tukakubaliana 20,500 na nikamtumia kwa M-Pesa palepale.

Kwa basi hadi Kisumu niliogopa jambo moja tu, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika gia ya nyuma. Kikipinda ndani ya buti la basi, gia hazitakaa sawa tena. Niliifungua gia ya nyuma kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, nikaifunga kwa kitambaa ndani ya fremu, nikatoa magurudumu yote mawili, na nikamwomba kondakta aiweke juu ya mizigo laini upande wa cheni ukiwa juu. Alikuwa mtu mwema, akafanya hivyo.

Mama yangu, anayeishi Awasi, alipoiona aliizunguka akauliza, "Na mzigo utaubeba wapi, mwanangu?" Ni swali la haki kabisa. Kama kazi yako ni kubeba maji, magunia au mtoto wa shule, baiskeli ya mbio haikufai, na ningekuambia ununue Black Mamba au Buffalo, ile ya chuma nzito inayounganishwa hapahapa Kisumu na iliyotengenezwa makusudi ili vipuri vyake vipatikane na mafundi wa vijijini waimudu. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Ninaiheshimu Buffalo kwa sababu walioibuni walijiuliza swali lilelile la vipuri.

Kwa kuwa niliinunua chini ya nilichopanga, nilibaki na 9,500. Tairi mbili za milimita 28 zilikula 3,600. Niliziongezea unene baada ya kuhakikisha zinapita chini ya breki, kwa sababu njia ya Kibos ina vipande vya miwa vilivyodondoka kutoka kwenye matrekta na lami yenye mashimo pembeni. Helmeti mpya ilikuwa 2,200. Hapo usiende kwa mitumba, kwa kuwa povu la ndani likishapata kishindo kimoja haliwezi kukulinda tena na kwa macho huoni kitu. Pampu 900, cheni 800, tyubu mbili 700, taa ya nyuma 350, raba za breki 300. Mzee wa Kibuye alinyoosha gurudumu, akafunga cheni na kurekebisha gia kwa 600, na nilikaa kando nikimtazama kila hatua kwa idhini yake ili safari nyingine nijifanyie mwenyewe.

Baadaye nilipata kaseti ya nane yenye sahani kubwa ya meno 32 kwenye kibanda cha vipuri vya baiskeli za milima, kwa 1,500. Kabla ya kuilipia nilimpigia mzee, naye akaniuliza kama mkono wa gia ya nyuma ni mrefu au mfupi, kwa sababu mkono mfupi huenda usimudu 32. Wangu ulikuwa mrefu. Aliifunga siku hiyohiyo kwa cheni niliyokuwa nayo, akaongeza viungo viwili tu vya urefu, na Jumamosi iliyofuata nilipanda Riat nikiwa nimekaa kitini, nikiongea na mwenzangu wa kando.